Usilizime Mpaka Nikuambie

Pikapu ya Mzee Mashimba ilizimika siku ya mnada, katikati ya barabara ya soko la Bariadi, saa ambayo hata kuku hana pa kupita. Nyuma basi la Mwanza linapiga honi kama limechomwa sindano, mbele mkokoteni wa ng'ombe umeziba njia, na nyuma ya usukani ameketi msichana. Watu walipomwona msichana wakasahau manunuzi yao, wakaja kutazama.

"Mwanamke kashika usukani, mlitegemea nini?" akasema muuza vitunguu, kwa sauti ya kusikika.

Evalina alimsikia. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi alfajiri na kitenge cha rangi ya machungwa, na jasho lilikuwa limeshaanza kumharibia vyote viwili. Akazungusha ufunguo. Gari likajibu "tk". Akazungusha tena. "Tk".

"Dada, hata ukilibembeleza kwa nyimbo, hilo haliwaki."

Dirishani palisimama kijana mrefu, ovaroli ya bluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, grisi hadi kwenye nyusi. Hakungoja ruhusa. Akafungua boneti, akagonga kitu kwa spana, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Stata imekufa. Jamani, sukumeni! Na wewe konda wa basi, acha honi, njoo utumie mikono!"

Wakasukuma, hata muuza vitunguu. Gari likakohoa, likawaka. Evalina akashusha pumzi aliyokuwa ameibana muda wote ule.

"Sasa nisikilize, mrembo," kijana alisema akiegemea mlango. "Usilizime. Popote utakaposimama, usilizime mpaka nikuambie. Nitakutafutia stata nyingine Mwanza."

"Na usiku je? Lilale linanguruma?"

"Kwenu wapi?"

"Ngulyati."

"Basi miteremko mnayo. Liegeshe kichwa chini. Asubuhi fungua swichi, liachie literemke, ingiza gia ya pili, achia klachi. Litawaka. Naitwa Nkwabi. Gereji yangu iko nyuma ya stendi."

"Sijakuuliza jina wala gereji."

"Utaniuliza tu," akasema, akacheka. Meno yake meupe katikati ya ile grisi yalimwandama Evalina njia nzima hadi nyumbani.

Hiyo ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Ushirika ulibaki na maghala yake yenye popo, kampuni binafsi zikaja na mizani zao, na kila mwenye gari akapata kazi ya kutoa pamba vijijini kuipeleka kiwandani. Mzee Mashimba aliuza ng'ombe akanunua pikapu iliyochakaa. Ndugu wakamcheka. Akampa binti yake aendeshe, kwa kuwa Evalina alijifunza udereva kwa masista wa misheni na leseni anayo. Ndugu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Evalina aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukipata. Akiwa juu ya kiti kile hakuwa binti wa fulani wala mchumba mtarajiwa wa fulani, alikuwa dereva. Lakini alikuwa mwangalifu. Usukumani mtu mzima hasalimiwi kwa kupitishiwa upepo dirishani, na msichana anayepita na gari kisha akapunga mkono tu, huyo kesho atasemwa kijiji kizima kwamba kiburi kimemvimba. Kwa hiyo kila alipomwona mzee njiani alisimama, akashuka, akapiga goti. "Mwadila, mayo." "Mwadila. Mhola?" "Mhola duhu." Kisha waulizane nyumba, watoto, mvua, ng'ombe, na ndama yule aliyekuwa anaharisha. Wazee walimpenda. Mwanamke gani wa siku hizi ana gari na bado ana magoti?

Shida ilikuwa moja. Gari lile lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyerudi malishoni kiangazi.

"Dume linalokula kuliko linavyolima huchinjwa," Mzee Mashimba alianza kusema jioni, bila kumtazama mtu. Maana yake Evalina aliijua. Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi, jina lake Keneth, aliyekuwa akiitamani ile pikapu kwa ajili ya dagaa zake. Likiuzwa, Evalina anarudi kwenye jembe, na atakuwa yule msichana aliyewahi kuendesha.

Basi akamuulizia Nkwabi. Angefanyaje?

"Nilijua," Nkwabi alisema alipomwona akiingia gereji. "Umeshindwa kulala."

"Nimeshindwa kulala kwa sababu ya petroli, kaka. Usijidanganye."

Akafungua eakilina, lile chujio la hewa ya injini, akaitoa juu kama mtu aliyevua kambare. Ilikuwa imefumwa nyuzi za pamba na vumbi mpaka haionekani ndani.

"Mama pamba! Gari lenu limefunikwa blanketi usoni. Litapumuaje? Gari lisipopumua linakunywa tu."

Walicheka sana. Evalina akaondoka na moyo mwepesi. Wiki haikuisha, tangi likawa kavu vilevile.

Akarudi. Nkwabi akabadilisha plagi. Tangi likakauka. Akasafisha kabureta, akaikaza, akailegeza, akasikiliza injini ameinamisha kichwa kama padre anayeungamisha. Likakauka. Akanyanyua magurudumu kuona kama breki zinang'ang'ania, zilikuwa zinazunguka vizuri kabisa. Akajaza upepo matairi. Akalala chini akanusa bomba zote kutafuta uvujaji. Hakuna. Siku moja alilibakiza gari gereji kutwa nzima, Evalina akazunguka sokoni mpaka miguu ikamuuma, aliporudi akalikuta limeshawashwa linamngoja, na Nkwabi anatabasamu peke yake.

"Umepata ugonjwa?"

"Nimefanya kitu. Utaona mwenyewe."

Hakuona kitu. Alichokiona ni petroli ikiisha.

Lakini katikati ya hasira hiyo yote, kuna jambo jingine lilikuwa linaota. Walikuwa wakila wali na sato kwa Nyamizi, mama mwenye banda la chakula jirani na gereji, na Nkwabi akimwondolea miba bila kuombwa. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Ngulyati mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, na jioni Evalina alipanda jiwe hilo na kitenge chake, akabipu, akangoja apigiwe.

"Mpenzi, uko juu ya jiwe?"

"Niko. Kuna upepo, sema haraka."

"Niseme nini haraka? Nakupenda. Haya, shuka."

"Mjinga wewe! Sijapanda huku kote kwa neno moja."

"Basi nakupenda sana. Yamekuwa mawili."

Alicheka peke yake juu ya jiwe. Kisha Nkwabi akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na gari linawakaje siku hizi?"

"Linawaka."

"Linawaka tu? Basi?"

"Ulitaka liimbe? Nkwabi, mafuta! Niambie habari ya mafuta. Baba amemtaja Keneth tena leo."

"Sawa," Nkwabi akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. Evalina hakuielewa ile sauti, ila ilimkaa moyoni.

Kwenye kituo cha mafuta nako walikuwa wamemchoka. Mjazaji alikuwa haji na bomba, kwa kuwa Evalina alikataa katakata kuzima injini, ikabidi petroli ije kwa dumu, gari limesimama mbali, watu wanaguna. "Dada, ipo siku utatuunguza!" Naye akajibu, "Mwenzio nimekatazwa na fundi." Neno la fundi wake alilishika kama amri ya kanisani. Nani angemlaumu? Mtu ukimpenda, hata maneno aliyoyasema akiwa amesimama barabarani unayaweka mahali pazuri.

Mwishowe Nkwabi aliamua kupima. Akajaza tangi mpaka shingoni, akalichukua gari mwenyewe, akazunguka njia ileile ya Evalina, kituo kwa kituo, mpaka Ngulyati, akarudi. Akajaza tena. Lilikuwa limekunywa kiasi cha gari lolote lenye adabu zake.

Evalina alipokuja, alimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu, hasimami.

"Gari ni zima," akasema.

"Zima? Jana limekauka nikiwa bado sijafika kiwandani!"

"Nimelizungusha njia yako yote. Ni zima, Eva. Sasa nataka kukuuliza. Huwa unakwenda wapi na hili gari?"

Geji ya kilomita ilikuwa imekufa kabla pikapu haijatoka Mwanza, kwa hiyo hapakuwa na shahidi. Lakini Evalina hakufikiria geji. Alihisi uso unamwaka.

"Unasemaje?"

"Nauliza. Nyamizi amekuona na Keneth wa Lamadi, ameketi ndani ya gari lako, mnacheka."

"Keneth anataka kulinunua! Baba ndiye aliyeniambia nimpandishe alione. Na nilicheka kwa sababu alipiga kichwa kwenye paa! Ningelia?"

"Lamadi ni mbali. Mtu akienda na kurudi Lamadi kila siku, tangi litakauka tu."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo. Mwongo na malaya. Sema, Nkwabi, umalize!"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Na mimi nikuulize, mbona kila likishinda hapa kwako ndiyo linazidi? Labda ni wewe unayenyonya."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Aliona jinsi lilivyompiga. Nkwabi akasimama taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mimi niliyekufanyia kile nilichokufanyia, hata asante sikupata. Nikasema labda kesho. Labda kesho. Nenda kwa Keneth wako, Evalina."

"Umenifanyia nini? Kila ukiligusa gari linakufa zaidi! Naenda, tena sirudi!"

Akapanda gari lake, lililokuwa bado likinguruma tangu Nkwabi aliporudi kulijaza mafuta, akaondoka kwa fujo mpaka kuku wa Nyamizi wakapaa.

Zikafuata siku ambazo mtu hamtakii adui yake. Alipanda jiwe, akabipu, simu haikupigwa. Akabipu tena, akajichukia. Akaapa hatapanda tena, jioni iliyofuata akapanda. Alikasirika kwa sababu amesingiziwa, akakasirika zaidi kwa sababu naye alisingizia, na juu ya yote kulikuwa na petroli ile, inakwenda wapi, Mungu wangu, inakwenda wapi? Alinusa tangi. Alimshuku hata mbuzi aliyelala chini ya gari. Baba yake naye akatuma ujumbe Lamadi.

Keneth alikuja mchana, suruali ya kitambaa, shati la maua, marashi yanapigana na harufu ya dagaa na dagaa wanashinda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara anayetaka gari.

"Lilete hapa uwanjani, dada, pawe tambarare, nilitazame vizuri."

Evalina akaliachia kwenye mteremko wake, likawaka kama kawaida, akalileta mbele ya zizi akashuka. Keneth akaingiza mkono dirishani akazungusha ufunguo. Kimya.

"Usilizime!" Evalina alipiga ukelele. "Umefanya nini? Sasa tutalisukuma na nani?"

"Nitanunuaje gari sijasikia linavyowaka?" Keneth akashangaa, akazungusha ufunguo mpaka mwisho.

Gari likawaka. Papo hapo, bila hata kukohoa. Akalizima, akaliwasha. Akalizima tena, akaliwasha, kama mtoto aliyepewa tochi. Akafungua boneti, akainama, akapiga mluzi.

"Stata mpya kabisa! Mzee, mbona hukuniambia?"

"Stata gani?" akauliza Mzee Mashimba. "Mimi sijanunua stata."

Evalina aliketi chini pale pale, juu ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, na kitenge chake kizuri. *Nimefanya kitu. Utaona mwenyewe.* Angeona vipi? Tangu siku ya mnada hakuwahi kuzungusha ule ufunguo mpaka mwisho. Nyumbani mteremko, njiani halizimwi. Mtu amemfungia zawadi ndani ya gari lake, akakaa anangoja afurahi, na yeye kila siku anampigia kelele za petroli.

Petroli! Hapo akashika kichwa. Akaliona gari likinguruma kwa bibi Milembe, mwenye yule ndama mgonjwa, wakati wanaulizana habari. Likinguruma kwenye mizani, foleni ya wakulima haiishi, pamba inapimwa, watu wanabishana. Likinguruma kanisani, dispensari, msibani. Nkwabi alipolipima alipita njia ileile, lakini yeye alipita tu. Hakushuka kumpigia mtu goti. Gari halikuwa na ugonjwa. Lilikuwa linakunywa salamu.

"Baba," akasema, akiwa bado chini, "usiliuze."

"Nimeshampa mtu neno."

"Nipe mpaka mnada ujao. Likikauka, mimi mwenyewe nitalipeleka Lamadi, na jembe nitashika bila kununa. Nakuomba, baba. Nimeupata ugonjwa."

Mzee Mashimba akamtazama Keneth. Keneth akakuna shingo. "Mimi nina haraka, mzee, lakini si ya kumliza mtoto wa watu. Mnada ujao nitapita."

Evalina akaingia kazini. Kila aliposimama alizima. Bibi Milembe, mara ya kwanza kuusikia ukimya ule, aliuliza kama gari limefariki. Jioni Mzee Mashimba alichukua bua la mtama, akalitumbukiza ndani ya tangi, akalitoa, akalitazama lilivyolowa. Kesho yake akatumbukiza tena. Mnada ulipofika Keneth alinyweshwa togwa, akaambiwa dume limeacha ulafi na haliuzwi.

Na Nkwabi? Huyo alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iko nje, aliposikia injini anayoijua ikiingia gereji. Hakutoka. Akangoja kelele za Evalina. Badala yake akasikia kitu ambacho gari lile, likiendeshwa na Evalina, halikuwahi kukifanya mbele yake. Lilizimwa. Kisha likawashwa. Kisha likazimwa.

Miguu ikasogea. Nkwabi akatoka, grisi hadi kwenye nyusi kama siku ile. Evalina alikuwa amevaa ileile blauzi nyeupe, na macho yake yalikuwa mekundu, na wala hakuyaficha.

"Linawaka vizuri," akasema. "Asante."

"Ndiyo kwanza umeona?"

"Juzijuzi tu! Ningeona wapi? Wewe mwanaume, mbona hukufungua mdomo?"

"Nilitaka ugundue mwenyewe. Nikasema, siku akizungusha ufunguo, atanikumbuka."

"Ningezungusha saa ngapi? Ulinikataza!"

"Nilikukataza nini?"

"'Usilizime mpaka nikuambie.' Ulisema hivyo, umeegemea mlango, siku ya mnada. Sikulizima, Nkwabi. Msibani sikulizima. Kituo cha mafuta nikatukanwa, sikulizima. Niliposhuka kusalimia wazee, sikulizima. Nilikuwa nakungoja uniambie."

Nkwabi akaweka spana chini. Alikuwa amelisahau lile neno kabla hata basi la Mwanza halijaondoka siku ile. Kabureta alikuwa ameifungua mara ngapi? Breki, plagi, bomba, kila kitu alikitilia shaka, isipokuwa maneno yake mwenyewe.

"Na mimi nikakuita mwongo," akasema taratibu.

"Uliniita. Na mimi nikakuita mwizi. Lako limeniuma mpaka leo."

"Nisamehe, Eva. Nisamehe sana. Wivu ulinishika kama homa, hata simu yako nikawa naitazama inalia mpaka inanyamaza."

"Mimi nilikuwa juu ya jiwe, mbwa wewe. Kwenye upepo."

Akamshika mkono, grisi yote ikahamia kwenye ile blauzi, na Evalina hakuutoa. Nyamizi katika banda lake alijifanya anakoroga uji ambao ulikuwa umeiva tangu asubuhi.

"Twende Ngulyati," akasema Nkwabi. "Leo. Ngoja nioge."

"Kufanya nini?"

"Wewe endesha."

Alioga, akavaa shati jeupe ambalo Evalina hakujua kama analo. Njiani, kabla ya kufika mawe ya Ngulyati, bibi Milembe alikuwa kando ya barabara na kuni zake. Nkwabi akatoa mkono dirishani kupunga. Evalina akamkata jicho, akasimamisha gari, akazima injini.

"Shuka usalimie."

Wakashuka. Evalina akapiga goti, Nkwabi akavua kofia akachuchumaa. Zikaenda habari za nyumba, za mvua, na za ndama, ambaye siku hizi ni mzima na ana kiburi. Bibi akamaliza yote, kisha akamgeukia Nkwabi na macho yake madogo.

"Na huyu ngosha, mwanaume huyu, nimwite nani?"

"Muulize mwenyewe, bibi," Evalina akasema.

Nkwabi akajibu, "Mimi ni fundi, bibi. Nakwenda kwa Mzee Mashimba kuuliza anataka ng'ombe wangapi. Kama Eva mwenyewe atanikubali."

Evalina alichomoa ufunguo kwenye gari, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akaketi kwenye majani.

"Eee, mambo ya ng'ombe!" Bibi Milembe akatua kuni zake chini. "Hayo si ya kupita. Basi zimeni hilo gari tuzungumze."

"Limezimwa, bibi," akasema Evalina.